Mashapo

Milima ya Cantabria huyazuia mawingu kwa mabega.
Upande wa pili mvua, huku kwetu jua na upepo mkavu,
ndiyo maana zabibu zetu huwahi kuiva;
hata jina lao, tempranillo, ni kama kusema
kitoto kilichowahi.
Haraka yetu huishia hapo.

Mimi ni Basilisa Gobantes. Kazi yangu ni mshumaa.
Kila miezi sita nashuka vidato thelathini na vinane
hadi mapango yaliyochimbwa na watu wasiojua kusoma,
walioujua mwamba kwa sauti ya sururu.
Humo divai huhamishwa, pipa hadi pipa,
bila pampu, kwa uzito wake yenyewe,
nami nakinga bilauri mbele ya moto.

Inapita nyekundu, safi, unaona kidole changu upande wa pili.
Inapita.
Inapita.
Kisha unakuja uzi wa wingu,
mwembamba kuliko unywele wa mtoto.
"Basi," nasema, na Evelio anafunga bomba.
Yanayobaki chini ni mashapo.
Hatuyauzi. Hatuyasemi.

Saturio na nduguye hawajasemezana
tangu mwaka ule wa mvua ya mawe,
kisa mpaka wa shamba, upana wake nyumbu mmoja.
Jumapili husimama baa, huyu ncha hii ya kaunta, yule ile,
na kila mmoja hulipia glasi ya mwenzake,
hunywa, huvaa kofia, huenda zake.
Ukitaka kutujua, anza na hao.

Mnunuzi alikuja kutoka Madrid, viatu laini kama mashavu.
Akaonja, akafumba macho: "Vanila. Tumbaku. Ngozi kuukuu."
Nikamwambia, huo ni mti.
Mwaloni uliovuka bahari, ukapasuliwa mbao,
mbao zikalazwa nje miaka mitatu
mvua ikizifua uchungu.
Akauliza, "Na ya mwaka huu nitaipata lini?"
Evelio akacheka mpaka mshumaa ukazimika.

Februari tunachoma matawi tuliyopogoa,
tunabanika mbavu za kondoo juu ya makaa yake,
mafuta yakidondoka moto unaruka, watoto wanapiga kelele,
na hata siku hiyo, mikono ikinuka moshi na kitunguu saumu,
kuna majina hayatajwi mezani.
Kombe limefunikwa, lakini mwanaharamu hakupita:
amekaa humohumo, anazeeka nasi.

Mwisho wa pango chupa zimelala kwa miaka yake,
zimevaa ukungu mweupe kama sufi.
Juu ya kila shimo, mwaka, kwa chaki.
Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Thelathini na tano.
Halafu tundu tupu.
Utotoni nilimuuliza bibi Emerenciana:
zabibu zilikataa?
"Zabibu zilikuwepo," akasema. "Mikono ndiyo haikuwepo."
Akapuliza mshumaa.
Tulipanda vidato vyote gizani, nikihesabu kwa miguu,
na juu akanipa mkate wenye sukari na divai
ili ninyamaze vizuri.

Jana, pipa la nne, sikusema basi.
Uzi ulikuja, ukawa kamba, ukawa tope la zambarau,
Evelio akanitazama, mkono juu ya bomba.
Babu yake alipelekwa usiku, yeye na wangu, lori moja.
Hilo tunalijua wote wawili, na hatujawahi kulijua pamoja.
Nilijaza bilauri hadi ukingoni.
Nikaonja: chungu, nzito, ladha ya udongo baada ya jembe,
wala haikuwa mbaya.
Nikaiweka ndani ya tundu tupu.

Evelio alivua kofia.
Akasema, "Wangu aliitwa Wenceslao."
Nikasema, "Wangu Abundio."

Kisha akafunga bomba mwenyewe,
maana yalibaki mapipa kumi na moja
na mshumaa ulikuwa mfupi.